Mwalimu, Simamisha Hapo

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa sekondari waliokusanyika Korogwe kwa siku mbili za kunoana katika ufundishaji wa sayansi na jiografia. Wenzetu wengi walibaki shuleni wakisimamia mitihani, nao wameomba wapatiwe kile walichokikosa. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka. Palipolazimu nimezieleza kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa shule, walimu wenzangu. Wazee wangu mlionitangulia katika kazi hii, shikamooni. Na ninyi vijana mlioripoti kazini juzi, hamjambo?

Nimepewa saa moja nizungumzie video darasani. Najua wapo hapa wanaosubiri niwaambie projekta gani inafaa na inauzwa wapi. Nitafika huko, ila nitapita mbiombio, kwa sababu projekta si shida yetu kubwa. Kwanza naomba mgeuze shingo mtazame nje ya dirisha, upande ule wa milimani. Huko juu, ndani ya wilaya hii hii, kuna mahali panaitwa Vugiri. Wangapi wanapajua Vugiri? Naona mikono mingi. Sasa, wangapi wanajua kwamba Vugiri ilikuwa kambi ya kutengenezea filamu za elimu mwaka 1935? Mkono mmoja. Asante sana, mzee wangu.

Ndugu zangu, sisi tunadhani video darasani ni jambo lililokuja na intaneti. Hapa kwenu lina miaka karibu 90. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, fedha zake zikitoka taasisi ya Carnegie ya New York, na makao yake yakiwa huko Vugiri. Msimamizi wa kazi ya filamu alikuwa Mwingereza, Meja Notcutt. Walitengeneza filamu zipatazo 35: kuhusu safura, kuhusu kahawa, kuhusu kuweka akiba posta, kuhusu kodi. Sauti haikuwa kwenye mkanda wa picha. Ilikuwa kwenye santuri iliyopigwa pembeni, ili filamu moja iweze kusemeshwa Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Wakapakia mitambo kwenye lori, wakazunguka nayo Afrika Mashariki hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo.

Hebu lifikirieni lori lile. Linaingia kijijini jioni. Shuka jeupe linatundikwa. Watu wanajaa, watoto mbele, wazee nyuma. Picha zinacheza, watu wanashangaa. Asubuhi lori liko njiani kuelekea kijiji kingine. Je, yule mama aliyeona mnyoo wa safura mkubwa kama nyoka ukutani, akataka kuuliza kama mnyoo huo ndio ulio tumboni mwa mwanawe, alimuuliza nani? Nani alibaki?

Shikeni swali hilo. Nani alibaki? Maana ndilo nililokuja nalo, na nitalirudia mpaka mnichoke.

Sasa nendeni nami mbele, mwaka 1973. Wazee wangu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Serikali iliitumia redio kufundisha afya: malaria, kuhara, kichocho, maji safi, vyoo. Redio, si video, lakini ni dada yake. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kwa nini ilishika? Wengi hujibu, redio ilikuwa na nguvu. Hapana. Kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa, walikuwa wamefunzwa viongozi wa vikundi 75,000. Watu 75,000! Kikundi kilikaa chini ya mwembe, kikasikiliza kipindi, kisha redio ikazimwa. Ikazimwa, walimu wenzangu. Kiongozi akafungua kitabu, akauliza: haya tuliyoyasikia, hapa kwetu yapo? Nani hana choo? Tunachimba lini? Watu wakatoka pale na majembe.

Redio iliyozungumza ilikuwa ileile nchi nzima. Vyoo vilichimbwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyebaki baada ya redio kuzimwa.

Na tulionja kinyume chake si zamani sana. Machi 17, 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Vipindi vya masomo vikarushwa kwenye redio na televisheni, na walioviandaa walifanya kazi ya kusifiwa, kwa haraka na kwa moyo. Kidato cha Sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29. Tuliporudi nilimuuliza binti mmoja wa Kidato cha Tatu, aliyekuwa akienda kwa jirani kila siku kutazama kipindi cha Fizikia, amejifunza nini. Akaniambia: "Mwalimu, yule wa kwenye TV anajua sana. Ila hanisubiri."

Hanisubiri! Nililiandika neno hilo kwenye jalada la andalio la somo, na bado lipo.

Nataka kuwasimulia kosa langu la kwanza na video, kwa sababu nimeliona likirudiwa katika madarasa mengi, na linawagharimu watoto.

Shule niliyokuwa nikifundisha ilipata projekta ya msaada. Nilikuwa na Kidato cha Pili, wanafunzi 82, mada ni mzunguko wa damu. Nilikesha kutafuta video, nikapata moja nzuri ajabu: moyo unadunda, vali zinafunguka na kufunga, damu inapita kwenye mapafu. Nikafunga madirisha kwa khanga. Nikawasha. Dakika 18. Darasa lilikuwa kimya kama msikiti. Watoto 82, hakuna aliyekohoa. Ilipokwisha walipiga makofi. Nikatoka kifua mbele, nikijiambia leo nimefundisha.

Wiki iliyofuata nikatoa jaribio. Swali la tatu lilihusu tofauti ya damu iliyomo kwenye mishipa ya ateri, inayotoa damu moyoni, na ile ya vena, inayoirudisha. Nakaa kusahihisha usiku, karatasi ya kwanza: damu ya vena ni ya bluu. Karatasi ya pili: ya bluu. Ya tano, ya tisa, ya ishirini. Wengine walichora, wakapaka bluu kwa kalamu ya wino wa bluu, vizuri kabisa. Video ilikuwa imetumia rangi nyekundu kwa damu yenye oksijeni na bluu kwa damu isiyo nayo, kama vitabu vyetu vinavyofanya. Msimulizi hakusema hata mara moja kwamba rangi ile ni alama tu, kwamba damu ile ni nyekundu iliyokoza. Na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa, nikitazama pamoja nao, mikono mfukoni.

Niliporudisha karatasi, msichana mmoja alinyanyua mkono, akanionyesha mshipa ulio mgongoni mwa mkono wake. Akasema, "Mwalimu, mbona huu unaonekana wa bluu? Na nilipokatwa na jembe hapa ilitoka nyekundu. Bluu ilienda wapi?"

Swali hilo alikuwa nalo siku ile ya video. Alikuwa nalo! Lakini moyo ukutani ulikuwa unadunda tu, hausubiri, na mwalimu wake hakusubiri pia. Dakika 18 za ukimya niliouita usikivu zilikuwa dakika 18 za maswali yaliyomezwa.

Walimu, ukimya wa darasa mbele ya video si ushahidi wa kujifunza. Narudia, maana hapa ndipo wakaguzi na wakuu wa shule pia hudanganyika. Ukimya mbele ya video si ushahidi wa kujifunza. Mtu hukaa kimya mbele ya mpira.

Na si mimi tu niliyejikwaa hapo. Chuo Kikuu cha Harvard, Profesa Eric Mazur na wenzake walichunguza majaribio ya fizikia yanayoonyeshwa mbele ya wanafunzi, wakatoa matokeo mwaka 2004. Wanafunzi waliotazama jaribio tu, kisha wakaelezwa, walipopimwa baadaye hawakuwa na tofauti ya maana na wale ambao hawakuliona kabisa. Hao ni wanafunzi wa Harvard! Lakini wale walioambiwa wabashiri kwanza, waandike wanadhani nini kitatokea kabla hakijatokea, walielewa zaidi. Jaribio lilelile. Lililoongezeka ni dakika chache za kubashiri.

Australia, Derek Muller, alipokuwa akifanya shahada yake ya uzamivu Sydney, aliwaonyesha wanafunzi video za fizikia zilizoeleza kwa uwazi kabisa. Wakamwambia ni rahisi, zinaeleweka. Alama zao hazikusogea. Mtoto anaingia na wazo lake, video inasema jambo jingine, yeye anasikia wazo lake likithibitishwa, anatoka akiwa na uhakika zaidi wa kosa lake. Alipotumia video ambazo ndani yake mtu anasema lile kosa la kawaida, kisha linajadiliwa mpaka linavunjika, wanafunzi walisema zinachanganya. Lakini alama zikapanda.

Kwa hiyo nikabadilika, na nitawaambia nilivyobadilika kwa kipande kimoja kifupi kuliko vyote nilivyo navyo.

Agosti 1971, mwanaanga wa Apollo 15, David Scott, alisimama juu ya Mwezi mbele ya kamera. Mkono mmoja nyundo, ina uzito wa kilo 1.32. Mkono wa pili unyoya wa kipanga, gramu 30. Akaviachia kwa pamoja. Kipande chenyewe hakifiki dakika moja na nusu, na picha si nzuri, ina ukungu.

Nilikicheza mbele ya Kidato cha Kwanza mpaka pale Scott ameinua mikono, kitu kila upande. Nikasimamisha. Picha imeganda ukutani. Nikawaambia: fungeni midomo, fungueni madaftari. Kipi kitafika chini kwanza? Andika, weka sababu, tia sahihi yako.

Wengi mno waliandika nyundo. Wachache waliandika vyote vitaelea, kwa kuwa Mwezini hakuna uzito. Watatu tu waliandika vitafika pamoja, na wawili kati yao hawakuweza kusema kwa nini. Nikawaambia wa nyundo wahamie upande wa dirisha, wa kuelea upande wa mlango, wale watatu wabaki katikati. Mkabishana! Nasema mkabishana kana kwamba mlikuwepo, maana ubishi ule ungewavuta hata ninyi. Kijana mmoja wa nyundo akawauliza wa kuelea: "Kama kule vitu vinaelea, mbona yeye amesimama chini?" Kimya. Watu sita wakavuka kutoka mlangoni kwenda dirishani. Sijafundisha neno hata moja. Kaka wa watu ameganda ukutani na nyundo yake, robo saa nzima.

Kisha nikabonyeza.

Mlango wa darasa lile hauna komeo, na mwalimu wa darasa la jirani aliingia akidhani kuna ugomvi. Walikuwa wanapiga kelele: "Mwalimu, rudisha! Rudisha! Simamisha hapo!" Tulirudisha mara tano. Mara ya tano walinitaka nisimamishe kati ya mkono na ardhi, wapime kwa rula ukutani kama kweli vimelingana. Wakapima. Vimelingana.

Halafu mtoto mmoja, mdogo wa umbo, akasema lile nililolitamani: "Basi huku kwetu ni nini kinauchelewesha unyoya?" Tukazima mashine. Tukachukua karatasi mbili za daftari, moja tukaikunja ikawa mpira, moja tukaiacha wazi, tukaziachia kutoka juu ya meza. Kilichobaki cha kipindi tulikitumia na hizo karatasi. Video imekula dakika moja na nusu katika kipindi cha dakika 40, na watoto wale wanaijua hewa na ukinzani wake mpaka leo.

Mmeona kilichofanya kazi? Ni kile kitufe chenye vistari viwili vilivyosimama wima. Kitufe cha kusimamisha. Redio ya 1973 ilikuwa na kiongozi wa kuizima. Lori la Vugiri lilikuwa na santuri tu, na asubuhi likaondoka. TV ya mwaka 2020 haikuwa na kitufe hicho mikononi mwa yule binti. Wewe unacho. Video ikitembea kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, mwalimu hayupo, hata kama umesimama pale.

Nakuja kwenye jambo la sauti.

Watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili miaka saba. Januari wanaingia Kidato cha Kwanza, Kiingereza kinawaangukia kama paa. Halafu mimi nawawekea video ya Mmarekani au Mhindi anayezungumza mbio, nusu ya maneno hata mimi yananipita. Nimefundisha nini hapo?

Ngoja niwapeleke Tanga mjini, nilikokulia. Mtaani kwetu palikuwa na kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati, joto la kukausha samaki. Tulitazama filamu za Hong Kong na za Kihindi, na hatukujua Kichina wala Kihindi. Lakini hatukupotea. Kwa nini? Palikuwa na mtafsiri. Wale wa umri wangu mnamjua Lufufu, ambaye kanda zake zilisambaa nchi nzima. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana mabingwa wao. Na sisi pale kibandani tulikuwa na wetu, kijana mwenye kipaza sauti aliyekaa pembeni ya televisheni. Alipunguza sauti ya filamu, akasema yeye. Alieleza nani ni nani, alitukumbusha kwamba huyu ndiye aliyemuua baba yake mwanzoni, alisimamisha mkanda pale aliponusa kwamba wenye mabenchi ya nyuma wamepotea. "Nyuma mmenielewa?" Alikuwa akiuliza hivyo, kweli. Tukijibu hatujaelewa, anarudisha.

Yule kijana alikuwa mwalimu wa video bora kuliko mimi wa siku ile ya damu ya bluu. Nasema hivyo kwa heshima yake yote.

Kwa hiyo nawaomba: zimeni sauti. Chukua ile video nzuri ya Kiingereza, zima sauti, simama pembeni, isimulie wewe. Isimulie kwa Kiswahili mpaka waelewe kinachotokea, kisha irudishe, isimulie kwa Kiingereza chepesi, huku istilahi zote zinazotakiwa kwenye mtihani umeziandika ubaoni kwa chaki. Mtihani wa Taifa utakuja kwa Kiingereza, hilo hatulikimbii. Lakini mtoto akishaona chembe nyeupe ya damu inavyomzunguka na kummeza bakteria, na akalielewa kwa lugha yake, lile neno gumu la Kiingereza lina mahali pa kukaa. Bila hivyo analikariri kama jina la mtu asiyemjua.

Tuonyeshe nini, basi? Na tusionyeshe nini?

Mwenzangu mmoja, mwalimu mwenye bidii, alionyesha video ya mimea inayostahimili ukame, imepigwa huko Arizona. Nilikuwa nimekaa nyuma. Nikatazama nje ya dirisha: mkonge. Mistari na mistari ya mkonge mpaka upeo wa macho. Jani lake nene, nta yake, mwiba wake, yote yako hatua 50 kutoka kwenye dawati. Mto Pangani unapita hapo chini, unakula ukingo huu na kuacha mchanga ukingo ule. Msiwaonyeshe watoto wa Korogwe video ya mmomonyoko wa mto. Watoeni nje. Video isichukue nafasi ya kitu ambacho mtoto anaweza kukishika.

Ionyeshe kile asichoweza kukifikia. Kidogo mno, kama seli inavyogawanyika. Cha polepole mno, kama mharage unavyochomoza. Cha haraka mno, cha hatari mno, cha mbali mno. Mwalimu wa Jiografia, Ol Doinyo Lengai upo nchini mwetu, lakini wanafunzi wako wangapi watapanda mlima ule? Na ni mlima wa pekee duniani. Watoto wote wanachora lava nyekundu. Lava ya Lengai ni ya baridi kuliko lava nyingine, nyuzi 500 na kitu hivi za Selsiasi badala ya elfu moja na zaidi. Mchana inaonekana nyeusi, inatiririka nyepesi kama oili chafu ya gari. Ikipoa, ndani ya siku chache inageuka nyeupe. Simamisha pale inapotiririka nyeusi, uliza: hiki ni nini? Watakwambia matope, watakwambia lami, watakwambia maji machafu. Hakuna atakayesema lava. Hapo umewapata. Wana hamu ya kujua, na kwa kuwa lava hiyo imejaa kaboneti, somo la kaboneti unaweza kulianzia papo hapo.

Sasa niseme lile ninalolipenda kuliko yote. Video iliyo bora kwa darasa lako huenda haipo mtandaoni. Utaipiga mwenyewe, kwa simu iliyo mfukoni mwako.

Walimu wa Kemia mnanielewa: taitresheni, ile kazi ya kudondosha asidi kwenye besi kutoka kwenye mrija wa bureti, mpaka rangi ikwambie zimetoshana. Watoto 70, bureti 8, na mbili zinavuja bomba. Unafanya mfano mbele. Wa mstari wa kwanza wanaona. Waliobaki wanaona mgongo wako. Na kitu chenyewe cha kuona ni nini? Ni tone moja. Una besi kwenye chupa, umetia MO, yaani methyl orange, dawa ya kuonyesha mabadiliko kwa rangi, ni ya njano. Asidi inashuka tone, tone, tone. Kila tone linaleta wekundu kidogo pale linapoangukia, unatikisa, wekundu unapotea. Kisha linakuja tone moja ambalo wekundu wake haupotei upesi. Kisha jingine, na chupa nzima inageuka rangi ya chungwa. Ukiongeza mawili umeshapitiliza, ni pinki, na hesabu yako imeharibika. Kazi yote ni kulijua tone lile kabla halijadondoka, na hulijui kwa kusoma maelezo.

Niliegemeza simu kwenye matofali mawili, nyuma ya chupa nikasimamisha karatasi nyeupe ili rangi ionekane, nikasogeza kamera karibu mpaka ncha ya bureti ikajaa kioo. Nikapiga dakika 4. Unasikia sauti yangu, unasikia jogoo wa jirani, unaona kucha yangu yenye chaki. Darasani nikasimamisha kwa kila tone la mwisho mwisho: bado? Tayari? Nani anasema tayari? Wakabishana juu ya rangi. Siku ya kufanya wenyewe, mkono wa kushoto kwenye bomba la bureti, wa kulia ukitikisa chupa, nilisikia wakinong'onezana: "Bado... bado... simama!"

Mnajua kwa nini video ile mbovu iliwashika kuliko zile za maabara zinazong'aa? India, mwaka 2006, kijana aitwaye Rikin Gandhi na wenzake walianza mradi uitwao Digital Green, wa kuwafundisha wakulima wadogo kwa video. Waligundua kwamba wakulima wakitazama huuliza kwanza: huyu ni nani? Wa kijiji gani? Wakimwona mkulima kama wao, mwenye jembe kama lao, wanasikiliza. Na video zao hazirushwi tu. Yupo mtu wa kijijini anayezisimamisha na kuuliza maswali. Tazameni, hata kule: yupo aliyebaki. Watoto wangu waliona bureti yetu, ile yenye ufa ulioungwa kwa gundi. Wakajua jambo hili linawezekana hapa.

Haya, vifaa. Nilisema nitapita haraka. Huna projekta? Televisheni bapa ya inchi 32 inatosha ukigawa darasa makundi mawili, moja linatazama, moja linajadili, kisha mnabadilishana. Huna televisheni? Simu moja kwa wanafunzi sita, ukiazima za walimu wenzako kwa kipindi kimoja, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni na utaratibu huo tuuheshimu. Bando: usitazame video mtandaoni ukiwa darasani kamwe. Pakua usiku, kwa ubora wa 360, ukutani inaonekana bila shida, hifadhi kwenye memori kadi, kisha wape wenzako kwa flashi. Programu ya VLC ni ya bure na inapunguza mwendo wa video. Ipo pia Kolibri, inayobeba masomo mengi na kufanya kazi bila intaneti kabisa. Spika ndogo ya kuchaji ni muhimu kuliko projekta kubwa, kama hujazima sauti. Na umeme ukikatika katikati ya somo, kama umeshauliza swali, somo linaendelea. Lilinitokea. Scott aliganda na nyundo yake, kisha akatoweka kabisa, na watoto waliendelea kubishana gizani mpaka kengele.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa, nami namaliza. Pale mezani kuna flashi tatu. Zina kile kipande cha Mwezini, Lengai mchana na usiku, chembe nyeupe inavyommeza bakteria, na taitresheni yangu yenye jogoo. Mtanakili baada ya chai. Lakini kabla hujanakili, utatazama kipande kimoja na mwenzako, utachagua sekunde ya kukisimamisha, na utaandika swali utakalouliza hapo. Sekunde na swali, pamoja na jina la shule yako, kwenye karatasi atakazogawa mwalimu aliyekaa karibu na mlango. Karatasi zote tutazipiga picha ili kila mmoja aondoke na maswali ya wenzake. Na walimu wa Kemia, msikimbilie chai. Nimekuja na bureti, naomba mmoja wenu mwenye simu yenye chaji anisaidie kushika matofali.